Nilianza na rangi, nikamalizia mahakamani

Siku niliyoilipia ile pikipiki ya Honda, kitu cha kwanza nilichonunua ni rangi. Si oili, si plagi, si hata kufuli. Makopo mawili ya rangi ya bluu, thina lita moja na msasa wa aina tatu. Nilikuwa nimeshaiona akilini inavyong'aa getini kwa shule, walimu wenzangu wamesimama wanaishangaa. Haya ninayoyaandika yote yameanzia kwenye yale makopo mawili.

Ilikuwa mwaka 2022. Naishi Morogoro mjini, nafundisha shule iliyo ndani ya Sangasanga, ukiiacha barabara ya Iringa. Daladala inakushusha njia panda, kutoka hapo ni bodaboda Sh 2,000, na jioni Sh 2,000 nyingine. Kwa siku 22 za kazi ni Sh 88,000 kwa mwezi, nje ya daladala. Pikipiki mpya ilikuwa inakaribia milioni 3, na kukopa sikutaka, maana mshahara wangu ulikuwa bado unakatwa mkopo wa mabati. Mwalimu mwenzangu anayetokea Mgeta akaniambia kuna Honda ya zamani kwao Langali, ipo kwenye banda la mbuzi, mwenyewe alishafariki.

Nikaenda kuiona. Banda la mbuzi kweli, wale mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei ambao Mgeta imejaliwa nao. Mmoja alikuwa amelala juu ya siti. Ilikuwa Honda CG125 nyekundu iliyopauka, matairi yamekauka na kupasukapasuka, tenki lina kutu hadi shingoni, lakini kiki ilishuka na kupanda. Hilo la kiki nilikuwa nimeambiwa: kiki ikishuka, injini haijajam. Kijana wa marehemu akataka laki sita, tukamalizana laki nne na nusu. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri. Kadi ya usajili alinipa, ina jina la baba yake. Ule muhuri ulinilevya. Nikapakia mzigo wangu nyuma ya Canter ya kabichi, nikashuka nao mjini.

Kwa nini CG? Hapa niseme kitu ambacho nilikijua nusunusu na leo nakijua vizuri. Honda waliitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970 wakiwalenga watu kama sisi: barabara mbovu, oili isiyobadilishwa kwa wakati, fundi aliye mbali. Kwa hiyo haina cheni ya taimingi, ile inayoendesha vali kwenye injini nyingine. Vali zake zinasukumwa na fito mbili kutoka chini, na hizo zinaendeshwa na gia. Cheni ya taimingi ikilegea inakula injini, lakini gia zile zinavumilia sana. Wachina baadaye waliinakili injini hiyo mpaka ikaenea kila kona, na ndiyo maana pistoni, gasketi, klachi na kebo za CG unazipata karibu kila duka la spea za bodaboda. Hiyo ndiyo sababu moja ya maana ya kuchagua pikipiki ya zamani badala ya nyingine: uzuri wake waachie wengine, wewe uliza kama pistoni yake inapatikana wilayani kwako. Jirani yangu alinunua pikipiki nzuri mno ya enduro ya tu-stroku, ya miaka ileile, na mpaka leo ipo sebuleni kama kabati.

Nirudi kwenye rangi. Nilimpelekea kijana anayepiga rangi magari, Sh 120,000, na fundi siti Sh 45,000. Ikatoka bluu, ikang'aa, nikaipiga picha. Haijawahi kuwaka hata mara moja, lakini picha zilipendwa.

Wiki iliyofuata nikaipeleka kwa fundi wa Kihonda (jina la kata hilo, sikulitunga). Ni mzee wa makamo, haongei sana, mikono yake ina mafuta ya tangu enzi za Mwinyi. Aliitazama pikipiki, akanitazama mimi.

"Madam, hii umeipaka rangi kabla haijawaka?"

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akaendelea kufungua tenki. Hiyo sawa yake nimeielewa miezi mitano baadaye.

Akaweka petroli lita moja, plagi mpya, akasafisha platini (kile kiswichi kidogo kinachoipa plagi muda wa cheche) kwa msasa mwembamba, akapiga kiki kama mara thelathini. Ikawaka. Nililia kidogo, siwafichi. Moshi wa bluu ukajaa uwanja mzima, kuku wakakimbia. Ilikaa dakika nne ikazima, na petroli ikawa inachuruzika kutoka kwenye kabureta.

Nikaamua mwenyewe kwamba kabureta imekufa. Fundi alisema tuanze kwenye tenki, nikamwambia nina haraka. Nikanunua kabureta mpya, Sh 38,000. Siku ya tatu ikaanza kuchuruzika vilevile. Tulipoifungua, ndani ya kibakuli kulikuwa na unga wa kahawia kama mdalasini. Kutu ya tenki. Kijisindano kinachofunga petroli kilikuwa kinakalia chembe za kutu, hakifungi. Ile kabureta ya zamani tuliisafisha, tukapitisha uzi wa waya wa kebo kwenye vitundu vyake, ikarudi kazini, na ndiyo iliyopo hadi leo. Ya Sh 38,000 ipo kwenye boksi chini ya kitanda.

Kutu ya tenki tuliitoa hivi: tulivua koki ya mafuta tukaziba tundu lake, tukatumbukiza kipande cha cheni ya zamani, urefu kama mkono, kimefungwa waya ili kiweze kuvutwa kutoka. Wengine hutumia kokoto, halafu wanakaa jioni nzima wakitikisa tenki kutafuta kokoto ya mwisho. Tukamimina siki lita tano, tukaiacha usiku kucha, asubuhi tukaitikisa mpaka mabega yakachoka. Maji yaliyotoka yalikuwa kama chai ya rangi. Ukishamaliza suuza kwa maji yenye magadi, kausha siku hiyohiyo juani, kisha zungusha oili kidogo ndani, la sivyo kutu inarudi kabla ya magharibi.

Kutu ilipotoka, matundu mawili yakaonekana. Nikaenda kwa kijana wa kuchomelea aliye karibu na nyumbani. Akachukua tenki, akanusa, akasema halina kitu, akawasha moto. Fundi wangu, ambaye kwa bahati alikuwa amenisindikiza, alimpokonya lile tenki kwa nguvu hadi nikadhani wanagombana. Tenki tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka, nao hauonekani. Lilioshwa kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, likajazwa maji hadi karibu na tundu, ndipo likazibwa. Nina mtoto mmoja na mama mzazi wananitegemea, na siku ile nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye lile tenki.

Na rangi? Petroli iliyomwagika na ule moto wa kuchomelea viliiondoa yote upande wa kushoto. Bluu ikawa na madoa kama ukoma.

Injini sasa. Moshi wa bluu maana yake inakula oili, na kwa pikipiki iliyolala miaka na mbuzi hatukushangaa. Tulipofungua, bloki ilikuwa na mikwaruzo ambayo kucha inakwama. Ikabidi ichongwe. Pistoni ya kiwanda ya CG ni milimita 56.5, na zipo kubwa zaidi kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Fundi akasema tuende 0.50. Mimi nilikuwa na likizo ya wiki moja tu, nikataka kuokoa muda: bloki nikaipeleka kwa fundi tana, wa mashine ya kuchonga vyuma, asubuhi, pistoni nikaagiza Kariakoo ije na basi jioni. Fundi tana akachonga kwa namba niliyomtajia.

Pistoni ikaja, imeandikwa 0.50 juu yake. Ikaingia. Ilikuwa imebana kidogo ukiisukuma kwa kidole gumba, lakini tukasema itajipangia.

Haikujipangia. Nilikwenda nayo mpaka karibu na Mzumbe, barabara nzuri, upepo mzuri, nikaongeza mafuta kidogo kujua ina nguvu gani. Sauti ikabadilika, kama mtu anayekoroma akakata pumzi, na tairi la nyuma likafunga. Nilishika klachi bila kufikiri. Kama nisingeishika, leo habari hii ingekuwa inasimuliwa na mtu mwingine. Nikasimama pembeni, injini inanuka chuma cha moto, lori la Zambia likanipita likipiga honi.

Tulipofungua, pistoni ilikuwa imepakaa aluminiamu yake kwenye ukuta wa bloki. Fundi tana hakuwa na kosa, alichonga namba niliyompa. Lakini namba iliyoandikwa kwenye pistoni ya bei nafuu ni maelezo tu, haina kiapo. Unatakiwa kununua pistoni kwanza, uipeleke mkononi pamoja na bloki, naye aipime kwa maikromita na kuchonga kuifuata hiyohiyo. Kuchonga mara ya pili, pistoni ya 0.75, gasketi mpya na kumtoa fundi vilinigharimu Sh 89,000, na likizo ikaisha nikiwa naenda kazini kwa bodaboda ileile ya Sh 2,000.

Mara ya pili nilikuwepo muda wote. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaangalia kila kitu, na namshauri kila mtu afanye hivyo, hata kama hajui kitu. Niliona anavyoigeuza pistoni ili maandishi ya IN yaelekee upande wa kabureta, anavyozipanga ringi ili mianya yake isikae mstari mmoja, anavyopitisha fila geji, kibamba chembamba cha kupimia cha milimita 0.08, kwenye mwanya wa vali. Alinipa mimi nipime vali ya pili. Unakisukuma kile kibamba, kinapita lakini kinakushika kidogo, kama karatasi iliyo chini ya kitabu. Tangu hapo vali zangu napima mwenyewe, asubuhi kabla injini haijawashwa, maana ikiwa ya moto vipimo vinadanganya.

Halafu tukaipa adabu: kilomita 500 za kwanza hakuna kuzidisha nusu ya mafuta, hakuna kubeba mtu, oili inamwagwa ikifika 100 na tena ikifika 500. Ni lita moja tu ya oili, bei yake haifiki hata robo ya kuchonga bloki.

Umeme ndio niliotaka uwe wa kisasa. Ilikuwa ya volti 6 na platini, taa yake ya mbele ilikuwa inamulika kama kibatari, na mimi mvua za masika narudi saa moja usiku. Kuipeleka volti 12 yenye sidiai, kile kisanduku cha umeme kinachotoa cheche bila platini, inawezekana kwa spea za hizi za Kichina, na sijutii hata kidogo. Nilichokosea ni kununua nusu. Muuzaji mmoja aliniambia ninunue ile sahani ya koili peke yake, Sh 35,000, magneti yangu ya zamani, lile gurudumu la sumaku linaloizunguka, itafaa. Ikafungwa, tukapiga kiki, cheche hakuna. Tulibadilisha plagi, sidiai, koili, tukakagua waya mmojammoja hadi giza likaingia. Baadaye fundi akavua magneti akaigeuza mkononi, akacheka. Magneti ya sidiai ina kinundu kidogo kwa nje, kikipita mbele ya kihisio ndipo sidiai inajua muda wa kutoa cheche. Magneti ya platini haina kinundu hicho, maana platini haikuhitaji kihisio. Sidiai ilikuwa inasubiri ishara ambayo haitakuja milele. Nunua seti nzima, magneti, koili, sidiai na regyuleta, vya aina moja, duka moja, siku moja. Na swichi, balbu, honi na betri vyote vihamie volti 12 kwa pamoja. Nilisahau balbu ya dashibodi, ikaungua kwa sekunde moja na kamwanga kazuri ka buluu.

Breki na matairi nayataja haraka kwa sababu huko sikukosea. Matairi mawili mapya na mipira yake Sh 126,000, breki shuu mbele na nyuma, cheni na sproketi zake zote mbili kwa pamoja. Vijana walinishawishi nifunge diski ya mbele kutoka pikipiki nyingine. Nilikataa. Ngoma ikisafishwa, kebo ikiwa mpya na spoki zimekazwa sawasawa, inamsimamisha mwanamke wa kilo 64 bila tatizo, na hizo hela za diski zilinunua kofia ngumu ya maana.

Mwezi wa saba ikawa inakwenda. Nikaikatia bima ndogo, nikaanza kwenda nayo shule. Wanafunzi walikuwa wanaijua kwa mlio. Wiki ya pili trafiki akanisimamisha, mstaarabu kabisa. Akaisoma kadi, akaizunguka pikipiki.

"Mwalimu, kadi inasema nyekundu. Mimi naona bluu. Na huyu mzee aliyeandikwa hapa ni nani kwako?"

Nikatoa karatasi ya daftari yenye muhuri wa mwenyekiti. Akaisoma yote kwa heshima, akanirudishia. "Aliyekuuzia hana jina kwenye kadi. Mwenye jina ni marehemu. Marehemu hauzi. Nenda kamalize hili kabla halijakutana na mtu mwingine."

Aliniachia siku ile. Nilipoulizia TRA (Mamlaka ya Mapato) nikaambiwa hivyohivyo: chombo cha marehemu hakihamishwi na mtoto wake, kinahamishwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Na rangi ikibadilika, nayo lazima ikaandikishwe.

Nikapanda tena Mgeta, safari hii si kununua kitu ila kuomba. Na hapo nikajifunza kwamba nilikuwa nimenunua pikipiki kwa watu ambao sikuwauliza wanarithishanaje. Waluguru, wenyeji wa kule, wanafuata ukoo wa mama. Kijana aliyeniuzia, kwa mila, hakuwa mwenye sauti kabisa kwenye mali ya baba yake. Wapwa wa marehemu, watoto wa dada zake, walikuwepo, na mmoja alikuwa ameshakasirika tangu siku Canter ya kabichi ilipoondoka. Aliniambia kwa upole mkali, "Dada yangu, wewe hatuna ugomvi na wewe. Ila ile pikipiki anko alinipakia mimi nikiwa darasa la pili."

Kikao cha ukoo kilikaa mara mbili. Niliitwa mara ya pili, nikakaa mkekani na akina mama, nikaeleza nilichotoa na nilichotumia, namba kwa namba. Nadhani zile gharama ndizo zilizonisaidia, hasa ya kuchonga bloki mara mbili, waliicheka wote. Wakakubaliana bibi mjane awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao, cheti cha kifo, maombi Mahakama ya Mwanzo, tangazo, kusubiri. Nauli zao na karatasi nilibeba mimi, na yule mpwa nilimpa Sh 50,000 ya soda ambayo hakuna aliyeiomba. Kijana aliyeniuzia alinichangia Sh 20,000 kwa aibu, nikaipokea. Kadi yenye jina langu niliipata mwezi wa kwanza mwaka uliofuata.

Kwa jumla nilipanga milioni moja, ikala kama milioni 1.65. Nimekaa nikazitenga: rangi ya kwanza, kabureta isiyohitajika, kuchonga mara ya pili na ile sahani ya koili ni Sh 282,000 ambazo hakuna aliyenilazimisha kuzitoa. Bado sijahesabu nauli za Mgeta wala usingizi. Kama ningeanza upya ningeanza na kadi, tena pale pale bandani kabla ya kuhesabu hela: jina la nani, yuko hai, namba ya injini na ya chasisi zinalingana na zilizogongwa kwenye chuma? Halafu tenki, halafu injini, breki, umeme. Makopo ya rangi ningeyaacha dukani hadi mwisho kabisa.

Maana rangi niliipiga tena, Sh 90,000. Kuandikisha bluu kulikuwa na safari na malipo yake, na ile bluu yenyewe ilishachakaa, nikaona heri ifuate kadi. Ilipokauka nikaipandisha Langali kumwonyesha bibi. Mlima ule inaupanda kwa gia ya pili bila kulalamika. Bibi alikuwa anakata majani ya mbuzi, akasikia mlio, akainuka akiwa ameshika mundu. Mara ya mwisho, nilipokuja nayo ikiwa bluu, aliipita bila kuitazama. Safari hii alikuja moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya tenki, akakiondoa haraka kwa joto.

"Breki ya nyuma ilikuwa inapiga kelele," akasema. "Umeitoa?"

Nikamwambia nimeitoa.

"Mzee alikuwa anaipenda ile kelele. Tulikuwa tunajua amefika."